Nembo ya Bega Iliyopoa: Mwongozo kwa Fundi wa Nyarugusu

Neno kaki tulilipata kwa Wahindi, nao walilipata kwa Waajemi, na kwa Kiajemi khak ni udongo, ni vumbi. Kikosi cha Guides cha Waingereza kule Peshawar kilianza kulivaa vumbi hilo miaka ya 1840, ili askari wasionekane kirahisi katika nchi kavu. Sisi wa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, hatuna haja ya kufundishwa maana hiyo. Anika shati jeupe asubuhi karibu na karasha la kusagia mawe, jioni utalikuta limeshakuwa kaki lenyewe.

Mafundi wengi wa hapa siku hizi wanaletewa oda za nembo za bega. Wateja unawajua: msimamizi wa mtambo wa kuchenjulia dhahabu ambaye hataki walinzi wake wa usiku wametemete gizani, kampuni ya ulinzi iliyopata lindo jipya kwenye leseni ya uchimbaji ya mtu, kamati ya sungusungu iliyochangishana fedha za vijiji viwili. Kila mmoja anakuja na simu mkononi, na ndani ya simu mna picha ya askari wa ng'ambo mwenye nembo nyeusi juu ya nguo nyeusi. Anasema, "Fundi, nitolee kama hii." Usimtolee kama hii. Kaa naye kwanza.

Nembo iliyopoa ni ile ambayo mtu aliye hatua tatu anaisoma bila kukunja uso, na mtu aliye hatua thelathini haioni. Ina kazi mbili, na zote mbili ni lazima. Ukipata ya pili ukakosa ya kwanza, hukutengeneza nembo, umeshona kiraka. Wamarekani walipokuwa vitani Vietnam miaka ya 1960 walizipooza nembo zao za rangi, kwa sababu bega lenye njano na nyekundu lilikuwa shabaha msituni. Mtindo ukahamia kwa polisi wa nchi nyingi, hata wale wa mijini ambao hawana msitu wa kujifichia. Hapo ndipo ilipo hoja ya kumuuliza mteja wako: wewe unamficha nani, asionwe na nani?

Kabla ya sindano, barua

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamkataza raia kuvaa sare za majeshi ya nchi, au nguo inayofanana nazo, bila ruhusa. Si sheria ya kulala kabatini. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa kila raia mwenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo ayasalimishe, na wenye maduka ya mitumba waliisikia amri hiyo vizuri. Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 nayo inailinda ngao ya taifa, ile ya bibi na bwana. Usiiweke kwenye bega la mlinzi binafsi hata mteja akikuongezea bei. Kadhalika V za koplo na sajenti, na nyota za maofisa.

Kwa hiyo oda yoyote ya nembo ya ulinzi iwe na barua yenye mhuri. Ya kampuni itoke kwa kampuni, nayo iwe na nakala iliyopokelewa polisi. Ya kijiji itoke kwa mtendaji wa kijiji. Askari polisi akija mwenyewe na shati lake, nembo imebanduka upande, mshonee. Hiyo ni kazi ya cherehani. Akikuomba umbunie mpya, mwelekeze kwa mkuu wake wa kituo, kwani sare ya Polisi hupangwa na Jeshi la Polisi lenyewe wala haipangwi na kibanda changu au chako. Kenya ilipobadilisha sare za polisi wake kuwa bluu Septemba 2018, lilikuwa jambo la Rais na Inspekta Jenerali.

Sungusungu ni habari nyingine, na hapa nitasema msimamo wangu. Walipoanza Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuwa na sare. Walikuwa na upinde, mishale, filimbi na mwano, ile sauti ya Kisukuma inayomtoa kila mwanamume kitandani. Hawakuhitaji nembo kwa sababu kila mtu kijijini alijua huyu ni mtoto wa nani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na sungusungu wakapata uwezo wa kukamata kisheria. Sasa fikiria Nyarugusu. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, wiki hiyohiyo wanashuka watu kutoka Kahama, Tarime, Kigoma, hata ng'ambo ya mpaka, na likikauka wanahama. Sura haimtambulishi tena mtu. Nembo ndiyo imechukua kazi ya sura.

Mtu mwenye uwezo wa kumkamata mwenzake usiku anapaswa kujulikana na huyo anayekamatwa. Ndiyo maana sungusungu wakitaka nembo iliyopoa, mimi huwashauri waache. Wavae rangi inayowaka. Iliyopoa inawafaa wachache: mlinzi anayekaa palepale usiku kucha kwenye mtambo au stoo ya kaboni iliyonasa dhahabu, na anayesindikiza mzigo kwenda soko la madini Geita. Hao mtu mbaya huwatafuta kwa macho kutoka mbali.

Rangi moja, vivuli vitatu

Kosa la kwanza la fundi ni kudhani kupoa ni kuwa nyeusi. Nyeusi haipoi. Juu ya shati la kaki inaonekana kama inzi ndani ya maziwa, na jua la kwetu huibadilisha ikawa nyekundu-nyekundu kabla ya kiangazi kwisha. Kosa la pili ni damu ya mzee. Mchana ni rangi ya heshima, ila jicho la binadamu katika giza hupoteza wekundu mapema kuliko rangi nyingine, kwa hiyo alfajiri maandishi ya damu ya mzee juu ya kijani yanazama yote na nembo haisomeki hata kwa mtu aliye mbele yako.

Chagua ukoo mmoja wa rangi, kisha uchukue vivuli vitatu ndani yake. Kama shati ni kaki: kitambaa cha nembo kiwe kaki iliyokoza kidogo kuliko shati, mchoro uwe rangi ya ugoro, herufi ziwe rangi ya mchanga. Kama shati ni bluu nzito: bluu, kijivu cha majivu, na bluu ya karibu na usiku. Kama ni kijani cha chupa, tafuta kijani cha jani kavu. Kupima, usiamini jicho lako, limezoea duka. Zilaze nyuzi zote tatu juu ya kitambaa, piga picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama nyuzi mbili zimekuwa kijivu kimoja, gizani nazo zitakuwa kitu kimoja, hata kama dukani zilikuwa kahawia na kijani.

Fanya jaribio hilo kwa bendera ya taifa, ujifunze kitu. Kijani na bluu vinasogeleana vikawa karibu kijivu kimoja, nyeusi inabaki nyeusi, na inayong'aa ni michirizi miwili ya njano, ambayo wenyewe tunafundishwa ni madini. Mteja akikuomba bendera iliyopoa, mkatalie. Rangi za bendera zimewekwa kisheria, na ukizipooza si bendera tena.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mafundi wa pwani wanalijua kuliko sisi wa bara. Chukua kofia ya kudarizi ya Zanzibar au Lamu, ile nyeupe juu ya nyeupe. Hakuna rangi ya pili. Hata hivyo ukiikaribia unaona maua, misikiti, mawimbi, kila kitu. Anayedarizi hakutumia rangi. Alitumia vitobo, vivimbe na mwelekeo wa uzi. Ukisimama mbali, kofia inakuwa nyeupe tupu. Hiyo ndiyo nembo iliyopoa, bibi zetu walikuwa nayo kabla ya Vietnam.

Kwa hiyo ujaribu hivi. Chukua uzi mmoja tu, wa ugoro. Jaza uwanja wa nembo kwa mishono inayolala, kisha jaza mchoro kwa uzi uleule ukiwa umeinama digrii 45 au umesimama kabisa. Nuru ikigonga, sehemu moja itaonekana imekoza na nyingine imepauka, na anayetazama ataapa ulitumia nyuzi mbili. Mtu akisogea, vivuli vinabadilishana. Akienda mbali, vinaungana. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona ilikuwa ya uzi mmoja, na aliyeivaa hakujua.

Uzi, na aibu yangu

Uzi wa kudarizi umetengenezwa ung'ae. Nyuzinyuzi zake ni laini na hurudisha nuru, ndiyo sababu gauni la harusi linapendeza. Kwa mlinzi wa usiku hilo ni balaa. Niliwahi kuwashonea walinzi wa mtambo mmoja nembo ishirini, bluu juu ya bluu, nikatumia rayoni kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Dukani zilikuwa zimepoa vizuri. Usiku wa kwanza mchimbaji mmoja akapita na tochi ya kichwani, mabega yote yakawaka kama macho ya paka. Nilizirudia zote kwa gharama yangu.

Tafuta polista isiyong'aa. Usipoipata Geita wala Mwanza, tumia uzi wa kawaida wa kushonea nguo, ule wa polista uliosokotwa kama pamba. Unene wake unakaribiana na uzi wa kudarizi wa namba 40, na hauna mng'ao. Una manyoya, kwa hiyo safisha nyumba ya bobini kila baada ya nembo chache na uipunguze mashine mwendo, kama mishono 600 kwa dakika. Faida nyingine: polista inastahimili jiki na jua, rayoni haistahimili. Mke wa mlinzi hatakuuliza nembo imeshonwa kwa uzi gani kabla ya kuiloweka.

Uzi wa chini pia. Wengi tunaweka bobini nyeupe kwa kila kazi. Kwenye nembo ya rangi kali haidhuru. Kwenye iliyopoa, kila mahali uzi wa juu ulipokaza kidogo, kanukta keupe kanachungulia, na vinukta ishirini vinaharibu kazi nzima. Weka bobini ya rangi ya nembo.

Mshono wa satini, yaani uzi unaolala mrefu kutoka ukingo huu hadi ule, ndio unaong'aa kuliko yote. Utumie kwenye herufi na ukingo tu, na usiuache uzidi milimita tatu upana. Kwingine jaza kwa mishono mifupi iliyopishana.

Miguu ya sungusungu

Kila mtu anayeagiza nembo ya ulinzi katika ukanda huu, kuanzia Bulyanhulu mpaka huku, anataka sungusungu mwenyewe awemo, yule mdudu mweusi anayeuma. Ni wazo zuri: ni wetu, halihitaji tai wa Marekani wala simba wa Uingereza. Shida ni miguu. Mdudu ana miguu sita na vipapasio viwili, vyote vyembamba kama unywele, na uzi wa namba 40 hauchori kitu chembamba kuliko milimita moja bila kukifanya fundo. Ukimchora kama alivyo, atatoka kama kinyesi cha mbuzi chenye ndevu.

Mnyooshe. Mpe vipande vitatu vya mwili, kila kimoja kikubwa na chenye pengo la milimita moja kati yake na kingine. Pengo hilo ndilo litakalomfanya asomeke kwa vivuli viwili. Miguu iwe minne inayoonekana, minene milimita moja na nusu, yenye goti moja tu. Vipapasio viwe vifupi, vimepinda kwa nje. Mteja atahesabu miguu. Mwambie mingine miwili iko nyuma.

Sururu na duara ni rahisi zaidi. Karai linafaa. Mizani ya dhahabu haifai, kamba zake ni nyembamba mno. Na chochote utakachochora, kiwe kimoja. Nembo ya rangi kali inaweza kubeba sururu, mdudu, jua na Ziwa Victoria. Iliyopoa ikibeba viwili inachanganyikiwa, kwa sababu hakuna rangi ya kuvitenganisha.

Maneno nayo yana shida yake. Mifano ya ng'ambo ilitengenezwa kwa maneno mafupi, nasi Kiswahili chetu ni kirefu. Tuseme nembo ina upana wa sentimita 8 na urefu wa 9, kipimo kinachokaa vizuri begani. NYARUGUSU ina herufi tisa. Kila herufi ikiwa na upana wa milimita 6, na pengo la milimita moja na nusu kati ya herufi na herufi, umetumia milimita 66. Inatosha, na inabaki nafasi ya ukingo. WALINZI WA USIKU NYARUGUSU haitoshi, hata ufanyeje. Weka jina la mahali juu, neno moja chini: MLINZI. Herufi sita, kila mtu anazielewa, na hakuna atakayedhani ni polisi.

Kimo cha herufi kisipungue milimita 5. Ukilazimika kushuka hadi 4, badili uzi uwe wa namba 60 na sindano ya 65, la sivyo matumbo ya A na R yataziba. Usitumie herufi zenye mikia. Herufi ndizo sehemu pekee ya nembo hii ambayo sipendi ipoe sana. Zipe kivuli cha tofauti iliyo wazi na kitambaa, hata kama mteja ananuna. Mtu anayesimamishwa saa nane usiku njia ya Rwamgasa ana haki ya kusoma amesimamishwa na nani.

Mashine na ukingo

Mwenye mashine ya kompyuta atahitaji mchoro uliogeuzwa kuwa mishono, na wengi tunampelekea mtaalamu Mwanza. Zamani kosa moja la tahajia lilikula siku nzima kwa kusubiri kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la Magufuli limefunguliwa, ila kosa bado linagharimu, kwa hiyo mwandikie maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi, usimpigie simu. Mwombe mishono ya chini ya kushikilia kabla ya kujaza, na mwambie uzi ni usiong'aa. Nembo iliyojaa uzi wote hupita mishono 10,000 kwa urahisi, yaani robo saa au zaidi kwa moja, na umeme wetu unaujua. Ukiacha kitambaa chenyewe kiwe uwanja, unaokoa zaidi ya nusu.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Toa mguu wa cherehani, shusha meno, kaza kitambaa kwenye duara la kudarizia, chini weka gamu ngumu ya kola, kisha sogeza kwa mikono. Polepole. Nembo za mkono hazifanani sana, na kwa ulinzi hilo ni kasoro, kwa hiyo chora kwa kalibu ya bati iliyotobolewa.

Kitambaa kiwe chenye polista nyingi. Kama umbo ni la mviringo, mshono wa ovaloki mnene unafaa ukingoni. Kama ni ngao yenye pembe, piga satini ya milimita 3, halafu kata kwa chuma cha moto. Cha fundi redio kinatosha. Polista inayeyuka na kujifunga, pamba inaungua tu.

Velkro siipendi. Inakusanya vumbi mpaka haishiki, na nembo inayobanduka hupotea. Anayeiokota ameokota mamlaka. Ishone moja kwa moja, ncha ya juu ikae sentimita mbili na nusu chini ya mshono wa bega, katikati ya mkunjo wa mkono wa shati, kwa uzi wa rangi ya ukingo.

Kabla ya kushona zote, shona moja. Ifue mara tatu kwa sabuni ya unga. Iweke juu ya bati wiki nzima, nusu imefunikwa kwa ubao, uone jua limefanya nini. Kisha mvalishe kijana wako usiku, msimamishe ukutani, umulike kwa tochi ya kichwani kutoka hatua thelathini, halafu hatua tatu. Mwite na mwenye oda aangalie mwenyewe, aweke sahihi nyuma ya sampuli.

Kila nembo ipe namba nyuma kwa kalamu isiyofutika, na namba hizo ziandike kwenye daftari pamoja na barua. Siku ya kukabidhi mhesabu wote wawili. Zilizoharibika na zilizozidi zichome palepale mbele ya mwenye oda, hata kama ni moja na ni nzuri, na usibakize ya ukumbusho ukutani kwako.